Nani Husoma Tunayoyaandika? Uchapishaji wa Kitaalamu Bujumbura, Kutoka Enzi ya Misafara Hadi Enzi ya Mtandao

Mwezi wa Aprili mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Uvira, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, wakitokea Ujiji kwa mitumbwi. Ng'ambo ya pili, mahali ulipo leo mji wa Bujumbura, palikuwa nchi ya Uzige. Jambo moja lilikuwa limewaleta mbali hivyo. Walitaka kujua kama mto Rusizi, ulioko kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, unatoka ziwani au unaingia ziwani. Kama ungekuwa unatoka, pengine ungekuwa ndio chimbuko la Nili. Wana wa mtawala wa Uvira walipoulizwa, walijibu kuwa mto unaingia, na watu wote waliokuwapo wakaliafiki jibu hilo.

Burton aliyaandika maneno hayo katika kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1860. Hata hivyo, mwaka 1864, alipokuwa akishindana na Speke juu ya chimbuko la Nili, aliyaacha maelezo ya watu wa Uvira akadai kuwa Rusizi hauna budi kutoka ziwani. Ubishi uliendelea hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipotoka Ujiji kwa mtumbwi wakaenda kujionea kwa macho yao. Mto unaingia. Kusini kidogo mwa Bujumbura, pale Mugere, liko jiwe la ukumbusho wa safari hiyo.

Kwa muda wa miaka 13, basi, wanazuoni wa Ulaya walibishana juu ya jambo lililojulikana kwa kila mvuvi wa Uzige. Wavuvi hawakukosa maarifa. Walichokosa ni mahali pa kuyachapisha na msomaji wa kuyaamini. Tumeanza na kisa hiki kwa sababu swali lililomo ndani yake bado liko nasi. Siku hizi twaambiwa mara kwa mara kuwa intaneti imewaunganisha maprofesa wa dunia nzima, na kwamba mwanachuo wa Bujumbura amekaa meza moja na mwenzake wa Paris au Chicago. Katika makala haya tunakusudia kulipima dai hilo kwa mizani ya historia. Tutauliza maswali matatu: utafiti juu ya nchi hii umekuwa ukichapishwa wapi, kwa lugha gani, na nani aliyeweza kuusoma?

Vitabu Juu Yetu, Mbali Nasi

Tangu mwaka 1665, yalipoanza majarida mawili ya kwanza ya kitaalamu, moja Paris na jingine London, desturi ya wanazuoni imekuwa kwamba utafiti usiochapishwa haujakamilika. Mtafiti huandika, wenzake humkagua, jarida huchapisha, na wengine hujibu. Desturi hiyo ni njema. Lakini yataka mashine ya chapa, posta, maktaba na fedha, na kwa muda mrefu vitu hivyo vyote vilikuwa mbali na ziwa letu.

Tuchukue mfano wa Hans Meyer, Mjerumani anayejulikana zaidi kwa kukifikia kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Mwaka 1911 alisafiri katika nchi ya Urundi, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1916 akachapisha mjini Leipzig kitabu juu ya Warundi. Mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliwatoa Wajerumani nchini. Kizazi kilichofuata cha Warundi waliopelekwa shule kilifundishwa Kifaransa, si Kijerumani. Tafsiri ya Kifaransa ya kitabu hicho ilitoka Paris mwaka 1984. Kwa muda wa miaka 68, basi, Murundi msomi hakuweza kusoma yaliyoandikwa juu ya babu yake ila awe amejifunza lugha ya mtawala aliyekwisha kuondoka.

Mabadiliko hayo ya utawala yaliathiri pia lugha yetu ya Kiswahili. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, ilishughulikia Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Ruanda-Urundi, kwa kuwa ilikuwa chini ya Wabelgiji, haikuhusika. Watu wa Buyenzi walizungumza Kiswahili kama walivyozungumza watu wa Ujiji na Kigoma, lakini jarida la Kamati, ambalo ndilo mzazi wa jarida la *Kiswahili* tunalolijua leo, halikuwa jarida lao. Mpaka uliowekwa na wageni ulikuwa umewagawa wasomaji.

Mfano wa tatu ni wa Jan Vansina, Mbelgiji aliyewafundisha wanahistoria wa dunia kuyaheshimu masimulizi ya wazee kama ushahidi wa historia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikusanya masimulizi mengi kutoka kwa wazee wa Burundi. Hii ilikuwa hatua kubwa kupita ile ya Burton, kwani mzee wa kijijini sasa alisikilizwa na kuaminiwa. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa Tervuren, nchini Ubelgiji, mwaka 1972. Tunaomba msomaji aukumbuke mwaka huo; tutaurudia hivi punde.

Chuo Kikuu na Mkutano wa 1979

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na mwaka 1964 Chuo Kikuu cha Bujumbura kikaanzishwa. Katika miaka ya 1970 kiliunganishwa na vyuo vingine vya juu vya serikali, na jina la Chuo Kikuu cha Burundi likapatikana. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na maprofesa waliokaa mahali wanapopachunguza.

Emile Mworoha, mwanahistoria Murundi, alichapisha mwaka 1977 kitabu chake juu ya watu na wafalme wa nchi za Maziwa Makuu. Tarehe 4 hadi 10 Septemba 1979 ulifanyika Bujumbura mkutano mkubwa juu ya ustaarabu wa kale wa watu wa Maziwa Makuu, ukiandaliwa na Kituo cha Ustaarabu wa Burundi. Kabla ya mkutano huo wanahistoria wengi walikuwa wameandika juu ya eneo letu wakiwa Brussels na Paris. Safari hii walikuja wenyewe na karatasi zao, wakaketi na wenzao wa hapa, wakabishana ziwa likiwa mbele yao.

Inafaa vijana wafahamu ushirikiano wa siku zile ulivyokuwa. Makala ilipigwa kwa taipu pamoja na nakala za karatasi ya kaboni. Barua kwenda Ulaya na majibu yake vilichukua majuma kadhaa. Mwandishi aliyetaka kusahihisha tarehe moja aliandika barua nyingine, akangoja tena. Karatasi za mkutano wa 1979 zilitoka zikiwa kitabu mwaka 1981. Kwa nyakati zile, huo haukuwa mwendo wa polepole.

Lakini tutazame vitabu hivyo vilipigiwa chapa wapi. Kitabu cha Mworoha kilichapishwa Dakar. Kitabu cha mkutano kilichapishwa Paris. Kitabu cha Joseph Gahama juu ya Burundi chini ya utawala wa Wabelgiji kilichapishwa Paris pia, mwaka 1983. Na ile historia ya Burundi iliyoandikwa na wanahistoria kadhaa chini ya uongozi wa Mworoha ikatoka Paris mwaka 1987. Waandishi walikuwa wamerudi nyumbani, lakini mitambo na wauzaji wa vitabu walibaki ng'ambo. Kwa mshahara wa mwalimu wa sekondari, kitabu kilichosafirishwa kutoka Ufaransa ni mali ya anasa.

Hatuwalaumu waandishi hao. Walichapisha mahali palipowezekana, na bila wao tungekuwa na kiza. Twasema tu kwamba mwandishi kurudi nyumbani ni jambo moja, na kitabu kurudi nyumbani ni jambo la pili.

Miaka ya Msiba

Haiwezekani kuandika historia ya elimu Burundi bila kutaja vifo. Mwishoni mwa Aprili 1972, mwaka ule ule kitabu cha Vansina kilipokuwa kikitoka Tervuren, uasi ulizuka kusini mwa nchi na watu wakauawa, wengi wao Watutsi. Kisha serikali ikajibu kwa mauaji makubwa yaliyowalenga hasa Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, makasisi, wanafunzi wa sekondari na wa Chuo Kikuu. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu laki moja na laki tatu. Wengine walikimbilia Tanzania na Rwanda. Wanafunzi wale waliochukuliwa madarasani ndio ambao wangekuwa maprofesa wa miaka ya 1990. Tunapohesabu makala machache yaliyoandikwa Bujumbura katika miaka iliyofuata, yatupasa kuwahesabu pia waandishi ambao hawakuachwa waishi waandike.

Msiba ulirudi. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata. Juni 1995 wanafunzi waliuawa ndani ya kampasi ya Chuo Kikuu, mahali ambapo kalamu ingepaswa kuwa silaha pekee. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, navyo havikuondolewa hadi Januari 1999. Mkataba wa Amani ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000.

Tuzitazame tarehe hizi pamoja na tarehe nyingine. Mwaka 1991 wanafizikia walianza kubadilishana miswada yao kwa kompyuta kutoka Los Alamos, Marekani, bila kungoja majarida. Mwaka 1994 kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale, na wapenzi wa lugha yetu waliotawanyika duniani wakaanza kuichangia maneno. Mwaka 1998 ulianza mpango wa kuyaweka majarida ya Afrika mtandaoni, kwanza Oxford, kisha, tangu 2005, Afrika ya Kusini. Kwa maneno mengine, dunia ya wanazuoni ilihamia kwenye kompyuta katika miaka ile ile ambayo Bujumbura ilikuwa ikizika watu wake. Wenzetu walipokuwa wakijifunza barua pepe, mwalimu wa hapa alikuwa akijiuliza kama njia ya kwenda kazini ni salama. Yeyote anayeshangaa kwa nini Burundi imechelewa katika mambo haya na aziweke tarehe hizo kandokando.

Njia Imefupishwa

Mabadiliko, hata hivyo, yalikuja. Mwaka 2009 mkongo wa kwanza kati ya mikongo mipya ya mawasiliano ya chini ya bahari ulifika pwani ya Afrika Mashariki, na mwingine ukafuata mwaka 2010. Kutoka Mombasa na Dar es Salaam mawasiliano yalielekea bara kwa nchi kavu, kama misafara ya kale ilivyotoka Bagamoyo kwenda ziwani. Nchi isiyo na pwani, iliyokuwa ikitegemea setilaiti za bei ghali, ikapata njia nyingine. Vyuo vya Burundi vina mtandao wao wa utafiti, BERNET, nao umo katika umoja wa mitandao ya namna hiyo ya mashariki na kusini mwa Afrika.

Faida ni dhahiri. Tangu 2002, kwa mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, vyuo vya nchi maskini vinaweza kusoma majarida ya tiba bila malipo au kwa malipo kidogo, na baadaye majarida ya kilimo na ya mazingira yakaongezwa. Profesa wa Bujumbura na mwenziwe wa Dodoma au Bukavu wanaweza kusahihisha ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Jarida la *Kiswahili* na ndugu yake *Mulika*, lililoanza mwaka 1971, sasa yanapatikana mtandaoni. *Swahili Forum*, linalohaririwa Ujerumani, husomwa bila malipo. Mwalimu mwenye simu anaweza leo kusoma katika daladala makala ambayo mwalimu wake aliisikia jina tu.

Lakini Ufunguo?

Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Mtandao umefupisha njia ya kwenda kwenye maktaba ya dunia. Haujampa kila mtu ufunguo wa mlango.

Kwanza, malipo yamehamishwa. Zamani aliyelipa ni msomaji. Siku hizi majarida mengi humfungulia msomaji mlango bure, kisha humdai mwandishi, na mara nyingi dai huzidi dola elfu moja. Ni kweli kwamba baadhi ya wachapishaji huwasamehe waandishi wa nchi maskini kama Burundi, na mwandishi asisite kuuomba msamaha huo. Lakini kusoma kama haki na kuandika kwa kusamehewa si hali ya usawa. Palipo na dai, tena, matapeli hawakosi. Yamezuka majarida ya kilaghai yanayochapisha lolote kwa aliyelipa, bila kulikagua. Twamjua mwenzetu mmoja aliyetuma mswada kwa jarida la namna hiyo, akakubaliwa kabla jua halijatua, akalipa, na baadaye akagundua kuwa makala yake haihesabiki popote.

Pili, kuna suala la jina. Ushirikiano mwingi wa siku hizi ni kati ya chuo cha hapa na chuo cha ng'ambo. Mwenyeji hukusanya takwimu, huhoji wazee, hutafsiri kutoka Kirundi na Kiswahili; mgeni huandika. Jina la nani hutangulia? Sidi Mubarak Bombay alikuwa mkalimani wa Speke, na bila yeye Speke asingeelewana na watu wa ziwani; lakini mtunzi wa kitabu alikuwa Speke peke yake. Tungetaka kuamini kwamba mambo hayo ni ya karne ya 19. Hatuna hakika kuwa yamekwisha.

Tatu, na kwetu sisi walimu wa lugha hili ndilo kubwa, kuna suala la lugha. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Maprofesa wake, waliolelewa katika Kifaransa, walijikuta ghafla katika baraza la vyuo vikuu lenye makao yake Kampala ambamo mambo huendeshwa kwa Kiingereza. Mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Wanachuo wakaambiwa waandike Kiingereza ili wasomwe. Mtambo wa kutafuta makala nao una tabia yake: huleta kilichoandikwa kwa lugha iliyoulizwa, na mara nyingi huulizwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo makala nzuri ya Kifaransa iliyoandikwa Bujumbura yaweza kuwa wazi kwa dunia nzima na bado isionwe na mtu wa Nairobi.

Msomi wa Bujumbura na msomi wa Nairobi wanapokutana barazani, hata hivyo, wanayo lugha moja inayowaelea wote wawili. Ndiyo hii tunayoiandika. Watoto wa Burundi hufundishwa Kiswahili shuleni tangu miaka ya 2000, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar tangu 2015. Mpaka ule uliomtenga msomaji wa Buyenzi na jarida la 1930 umeondoka katika sheria. Haujaondoka katika mazoea yetu.

Yanayotupasa

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Historia tuliyoieleza yaonyesha kuwa hata daftari likiwapo, likikaa kwa jirani, mali hupotea vilevile. Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, yote yakiwa katika uwezo wa walimu na vyama vyao.

Kila makala ya kitaalamu inayohusu nchi yetu, iwe imeandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, iandamane na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, ili mwalimu wa shule aweze kuutumia. Kila mtafiti anayechapisha nje aweke nakala katika maktaba ya chuo chake, ya karatasi na ya kompyuta, kwa kadiri mkataba wake unavyoruhusu. Kila mzee anayetoa masimulizi, naye akiridhia, atajwe kwa jina, na mkalimani vilevile. Na walimu wa Kiswahili wa Bujumbura, Kigoma, Uvira na Bukavu, ambao wanatenganishwa na maji na mipaka tu, waandike pamoja. Barua pepe imewaondolea kisingizio cha umbali.

Hatudai kuwa Kiswahili kitachukua nafasi ya lugha nyingine katika tiba au fizikia kesho asubuhi. Tunasema kwamba mtoto wa mvuvi wa Uzige, akiwa mwalimu, asilazimike kungoja miaka 68 ili asome yaliyoandikwa juu ya babu yake. Na akiyakuta yamekosewa, awe na mahali pa kuandika jibu lake, na wenzake wa kulisoma.